Mboga Mchanganyiko na Afya ya Udongo Wetu



Siku ya kliniki ya watoto tunapima uzito, tunasoma kadi, kisha tunafungua kiganja cha mtoto na kukitazama penye mwanga. Kiganja kikiwa cheupe tunajua damu imepungua, na hapo tunaanza kumwuliza mama maswali. Je, mtoto amekuwa na homa? Analala ndani ya chandarua? Anatembea peku? Anakula nini? Mama mmoja wa Maneromango alitujibu akiwa amekasirika kidogo: "Nesi, kila mwezi mnaniambia mboga za majani, mboga za majani. Mboga anakula kila siku. Mchicha nimepanda mwenyewe nyuma ya nyumba."

Tukamwomba akija tena atuletee mchicha huo tuuone. Aliuleta. Ulikuwa mfupi, shina limekakamaa, majani ya chini yamegeuka manjano, na ulikuwa umeanza kutoa maua kabla ya kufika magotini. Tulipomwuliza amepanda mchicha mahali hapo mara ngapi, akasema ule ulikuwa msimu wa tano mfululizo. Zamani palikuwa na bustani ya mama mkwe wake, yenye kunde, maboga, nyanya chungu na mbaazi pembeni. Aliing'oa yote kwa sababu wachuuzi wanaopeleka mboga Dar es Salaam walitaka mchicha mtupu.

Hatumlaumu mama yule. Fedha ya mchicha ndiyo iliyonunua daftari na sare za shule. Lakini jibu lake lilitufanya tufikiri upya. Kwa miaka mingi sisi wauguzi tumekuwa tukizungumza habari ya sahani, na habari ya udongo tukamwachia bwana shamba. Huenda ndiyo maana maneno yetu mengine hayazai matunda. Mboga haiwezi kumpa mtoto kitu ambacho yenyewe haikukipata ardhini.

Tatizo lenyewe si dogo. Uchunguzi wa afya uliofanyika nchi nzima mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na zaidi ya nusu ya watoto wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu wa damu. Sababu ni nyingi, na nyingine hazihusiani na bustani hata kidogo. Leo tutashika hii moja ya bustani, kwa kuwa iko mlangoni mwa kila nyumba.

Udongo wa kichanga ni kama tenga

Sehemu kubwa ya ardhi yetu huku Kisarawe, na vivyo hivyo upande wa Kibaha, ni ya kichanga. Mabondeni panapolimwa mpunga udongo ni mzito, lakini huku juu ambako nyumba ziko, mchanga ndio mwingi. Udongo wa namna hii una sifa zake: ni mwepisi kulima, mihogo na mikorosho inaupenda, na maji hayatuami. Ubaya wake ni huo huo wa kutotuamisha maji. Mvua ya masika ikinyesha, maji yanapita na kuteremka na chakula cha mimea kilichoyeyuka ndani yake. Mbolea ya dukani ikimwagwa juu ya mchanga mtupu, sehemu yake kubwa hushuka chini kabla mizizi haijaifikia. Ni sawa na kumimina uji kwenye tenga.

Kinachoziba matundu ya tenga hilo ni mboji, yaani majani, mizizi, samadi na mabaki mengine yaliyooza. Mboji hushika maji na pia hushika chakula cha mimea, ikakitoa polepole. Bahati mbaya, katika joto la Pwani mboji huoza na kwisha upesi sana. Kwa hiyo mwenye bustani kwenye mchanga hana budi kuirudishia ardhi kila msimu. Akipanda zao moja, akaling'oa lote na mizizi yake, akalifunga mafungu na kulipeleka sokoni, hakuna kinachorudi. Mchicha unaouzwa umebeba sehemu ya shamba kwenye gari.

Dalili zenyewe huonekana kwa macho. Majani ya chini yakigeuka manjano yote huku ya juu yangali na kijani, mmea una njaa ya naitrojeni. Unanyonya akiba ya majani ya zamani ili kulisha machanga. Majani yakiwa na rangi ya zambarau na mmea ukadumaa, mara nyingi fosforasi imepungua. Kwa mchicha wa mama yule, bibi shamba tuliyemwonyesha hakuhitaji hata kuugusa.

Kunde inafanya kazi gani?

Wazee wa Uzaramo hawakuwa wakitupa mbegu ovyo, ingawa wataalamu wa enzi ya wakoloni, na hata baadhi ya waliowafuata baada ya Uhuru, waliona shamba mchanganyiko ni dalili ya kutostaarabika. Mihogo ikipandwa, kwa miezi mitatu ya mwanzo inakua taratibu na kuacha nafasi tupu katikati. Mzee alipanda kunde katika nafasi hiyo. Majani yake yaliliwa, kisha kunde zenyewe zikavunwa, na mihogo ilipotanda kivuli chake kunde zilikuwa zimekwisha ondoka. Hazikugombana.

Kunde, mbaazi, choroko, karanga na njugumawe zina siri moja ambayo mchicha na bamia hazina. Hewa tunayoivuta, karibu sehemu 78 katika kila 100 ni naitrojeni, lakini mimea haiwezi kuitumia ikiwa katika hali hiyo. Mwaka 1886 mtaalamu wa Ujerumani aitwaye Hermann Hellriegel alieleza kwamba mimea ya jamii ya kunde inaipata kwa msaada wa viumbe wadogo wanaoishi katika vinundu vya mizizi yake. Miaka miwili baadaye, Martinus Beijerinck wa Uholanzi aliwatenga viumbe hao na kuwaotesha. Ni bakteria. Wao wanapewa sukari na mmea, nao wanaulipa kwa naitrojeni iliyotengenezwa ikawa chakula.

Ng'oa mche mmoja wa kunde wakati unaanza kutoa maua, uoshe mizizi taratibu, utaviona vinundu hivyo vikubwa kama punje ya mtama au zaidi. Kipasue kimoja kwa ukucha. Kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, bado hakijaanza au kimekwisha choka. Wekundu huo ulitushangaza sisi wauguzi tulipoelezwa habari yake. Unatokana na kitu ambacho ni ndugu wa hemoglobini ya damu yetu, nacho kina madini ya chuma ndani yake vile vile, na kazi yake ni kushughulikia oksijeni. Tumepima damu miaka yote hii bila kujua kwamba mizizi ya kunde nayo ina kitu kama damu.

Hapa watu wengi hukosea. Wanasikia kwamba kunde ni mbolea, basi wanadhani ukiipanda karibu na mchicha, mchicha utanawiri wiki ile ile. Sivyo. Wakati kunde ingali hai, naitrojeni inayomfikia jirani yake ni kidogo. Faida ya msimu huo huo ni kwamba kunde, ikiwa inajitegemea kwa hewa, haigombanii sana naitrojeni iliyo ardhini, na mchicha unaipata hiyo. Faida kubwa huja baadaye, majani na mizizi ya kunde yanapooza hapo hapo. Tena sehemu kubwa ya naitrojeni hukimbilia kwenye mbegu. Ukivuna kunde zote, ukachuma majani yote kwa mboga, ukang'oa mashina na kuyachoma moto, umeondoa karibu kila kitu. Moto hupeleka naitrojeni angani na kukuachia majivu.

Kwa hiyo kunde usiing'oe. Ikate kwa kisu usawa wa ardhi, mizizi ibaki na vinundu vyake, na mabaki ya juu yatandazwe kwenye tuta. Unapochuma majani ya kupika, chuma vichomozo na uache mengine. Kunde zinazotambaa huacha majani mengi kuliko zile fupi zinazosimama na kuzaa upesi. Mwenye nafasi apande za aina zote mbili, moja kwa ajili ya sufuria na moja kwa ajili ya tuta.

Mizizi mirefu na mizizi mifupi

Mbaazi ina kazi nyingine zaidi ya vinundu. Mizizi yake hushuka chini sana, mita moja na nusu na kuzidi pale udongo unaporuhusu, ilhali mchicha unaochumwa ungali mchanga hula sentimita chache za juu tu. Chakula kilichoteremshwa na mvua ya masika, ambacho mchicha hauwezi tena kukifikia, mbaazi inakifuata, inakipandisha hadi kwenye majani, kisha majani yanadondoka juu ya tuta. Kuna habari nyingine iliyotangazwa mwaka 1990 na watafiti waliokuwa wakifanya kazi India: mizizi ya mbaazi hutoa tindikali inayoweza kufungua fosforasi iliyoshikamana na chuma cha udongoni, ambayo mazao mengine huipita bila kuigusa. Mbaazi ya mama mkwe, iliyoonekana kuwa inaziba njia tu, ilikuwa inafanya kazi mbili chini ya ardhi.

Jambo la tatu halijulikani sana, nalo linaugusa mchicha wenyewe. Katika udongo wenye afya wamo kuvu wembamba kuliko uzi wa buibui wanaoishi na mizizi ya mimea mingi na kuisaidia kutafuta fosforasi mbali kuliko mizizi inavyofika. Kunde, mbaazi, mahindi, bamia na nyanya chungu huwakaribisha kuvu hawa. Mchicha kwa kawaida hauwakaribishi, wala kabeji na ndugu zake. Ardhi inayopandwa mchicha peke yake msimu baada ya msimu huwafanya kuvu hao wapungue kwa kukosa mwenyeji. Siku ukitaka kupanda bamia hapo, inaanza maisha bila wasaidizi. Mchicha ni mboga nzuri mno, hatusemi uachwe, ila usikae peke yake.

Na maboga? Maboga kazi yake ni kufunika. Jua la saa saba mchana juu ya mchanga mtupu huunguza hata nyayo, sembuse mizizi midogo. Majani mapana ya maboga, au matembele pembeni, hupunguza joto hilo, huzuia matone ya mvua yasichimbe tuta, na majani ya maboga yenyewe ni mboga. Wenyeji wa Mexico na nchi jirani wamepanda mahindi, maharage na maboga pamoja kwa karne nyingi kwa sababu kama hizi.

Je, faida inafika sahanini?

Hili ndilo swali letu kama wauguzi, na inabidi tuwe wakweli. Mchicha uliopata naitrojeni ya kutosha una majani mengi, laini, yenye kijani kilichokolea, na majani yaliyokolea kijani yana karotini zaidi kuliko yaliyopauka. Karotini ndiyo mwili unaigeuza kuwa vitamini A. Hapo uhusiano wa udongo na sahani ni wa wazi. Kwa upande wa madini ya chuma mambo si mepesi. Nchini China watafiti waliona karanga zilizopandwa peke yake zikipauka kwa kukosa chuma, na zilipopandwa kando ya mahindi zikapona, kwa kuwa mizizi ya mahindi hutoa kitu kinachoyeyusha chuma. Lakini udongo ule ulikuwa na chokaa nyingi. Mchanga wetu si wa namna hiyo, basi tusijiahidi kwamba kila mchanganyiko utaongeza chuma ndani ya jani.

Faida iliyo ya hakika zaidi ni mfululizo wa chakula. Mchicha unachumwa baada ya wiki tatu au nne. Majani ya kunde yanafuata, kisha bamia, kisha nyanya chungu inayoendelea kuzaa kwa miezi, halafu maboga, na mbaazi huja mwishoni wakati mvua zimekwisha na bustani nyingine ni kavu. Tuta la mchicha mtupu huwapa watu mboga kwa wiki mbili, kisha wanakaa bila mboga mpaka msimu mwingine. Damu ya mtoto haijengwi kwa wiki mbili.

Tuna mfano wa karibu. Kaskazini mwa Malawi iko hospitali ya misheni ya Ekwendeni. Wahudumu wa pale walikuwa wakiwalaza watoto wenye utapiamlo, wakiwatibu na kuwaruhusu, kisha watoto wakarudi. Walipokaa na akina mama kuwauliza, waliambiwa kwamba shamba halitoi, na mbolea imepanda bei mno hawaiwezi. Mwaka 2000 hospitali ikaanza mpango na wakulima wa vijiji vya jirani: kupanda karanga pamoja na mbaazi, au soya pamoja na mbaazi, kisha kufukia mabaki ardhini badala ya kuyachoma, na kupanda mahindi hapo msimu unaofuata. Pamoja na hayo walifundishana mapishi ya watoto, na wanaume wakashirikishwa, maana iligunduliwa kwamba kazi ya kufukia mabaki ilikuwa inawaangukia wanawake waliokwisha choka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha uzito wa watoto ukiongezeka katika vijiji vilivyoshiriki.

Hapa kwetu Tanzania mpango wa jinsi hiyo ulianza Singida mwaka 2016 katika vijiji 20, ukihusisha Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani. Matokeo yake yalitangazwa mwaka 2021: watoto walikula aina nyingi zaidi za vyakula, na nyumba zilipungukiwa chakula mara chache kuliko zamani, lakini vipimo vya urefu na uzito wa watoto havikubadilika. Sisi hilo halikutuvunja moyo. Mtoto anayehara kila mwezi, au aliyezaliwa na mama mwenye upungufu wa damu, hawezi kurefuka kwa mboga peke yake. Ndiyo maana Mradi wa Nordic Tanganyika ulioanza Kibaha mwaka 1963 uliweka mahali pamoja shule, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima. Waliopanga vile waliona mbali.

Tulivyokosea sisi wenyewe

Tulipopata maarifa haya tulianzisha bustani ya mfano karibu na kliniki, na kwa pupa tukapanda aina tisa katika tuta moja. Kunde zilipanda juu ya kila kitu. Mchicha ukarefuka mwembamba ukitafuta jua. Nyanya na nyanya chungu, tulizozipanda bega kwa bega, zilinyauka zote ndani ya wiki moja. Bibi shamba alipokuja alicheka kwanza, kisha akatufundisha.

Kwanza, nyanya, nyanya chungu, bilinganya na mnafu ni ukoo mmoja, na ugonjwa wa mnyauko ukimpata mmoja hupita kwa wengine. Katika tuta moja weka mmoja wao tu, na msimu unaofuata umhamishe. Pili, kuchanganya ni kuchagua majirani wanaotofautiana: mwenye mizizi mifupi na mwenye mizizi mirefu, wa wiki nne na wa miezi sita, wa jamii ya kunde na asiye wa jamii hiyo. Aina tatu au nne zinatosha. Tatu, tuta liwe na upana wa mita moja, ili mkono ufike katikati bila kulikanyaga.

Mpango aliotupangia, ambao bado tunaufuata, ni huu. Mbaazi zinakaa ukingoni mwa bustani, upande usiotia kivuli asubuhi, zikiachana hatua mbili. Ndani ya tuta kuna mistari miwili ya mchicha, kisha mmoja wa kunde, kisha bamia au nyanya chungu zikiwa mbalimbali. Mchicha ukikwisha kuchumwa, nafasi yake inachukuliwa na kunde na bamia ambazo ndipo zinatanuka. Maboga yanapandwa kwenye kona na kuelekezwa nje. Matembele yana tuta lao, kwa sababu yakikaribishwa ndani hayaondoki. Mbaazi zikizidi kimo cha mtu tunakata matawi na kutandaza majani juu ya mchanga. Kabla ya kupanda tunachanganya samadi iliyokwisha oza, na majivu ya jikoni kiasi cha kunyunyiza tu; majivu mengi huunguza.

Tahadhari nyingine inahusu vinundu. Mchanga wa Pwani una minyoo midogo isiyoonekana kwa macho inayoingia kwenye mizizi ya bamia, nyanya na hata kunde, na kuivimbisha. Mtu anaweza kuona uvimbe huo akafurahi akidhani ni vinundu vya naitrojeni. Kinundu cha kweli kimebandikwa ubavuni mwa mzizi, nacho hubanduka kwa kidole. Uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe umenenepa, haubanduki. Ukiuona, ng'oa mimea hiyo na mizizi yake, itupe mbali na bustani, na mahali hapo upande mahindi au upumzishe.

Kuhusu mbegu, tunza zako za asili. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga, ambacho kimekuwa na tawi Arusha tangu mwaka 1992, kimetumia miaka mingi kukusanya na kuboresha mbegu za mchicha, mnafu na nyanya chungu za Afrika, vitu ambavyo sisi tulikuwa tunavidharau kuwa ni mboga za maskini.

Safura na bustani yenye kivuli

Hili tunalisema kwa mkazo. Bustani nzuri ya mchanganyiko ina kivuli, unyevu na mchanga laini. Minyoo ya safura nayo inapenda kivuli, unyevu na mchanga laini. Pale ambapo watu, hasa watoto, wanajisaidia vichakani karibu na nyumba, vimelea vyake hungoja ardhini na kupenya ngozi ya mguu. Kisha hukaa tumboni wakinyonya damu. Itakuwa ni kazi bure kumtafutia mtoto damu kwenye tuta lile lile linalomnyang'anya. Choo kitumike na kila mtu wa nyumbani, watoto wasiingie bustanini peku, na wewe mwenyewe vaa viatu vya kufunika miguu unapopalilia. Dawa za minyoo na matone ya vitamini A yanayotolewa mara 2 kwa mwaka, usimkose mtoto wako. Samadi mbichi isitiwe kwenye mboga inayokaribia kuchumwa.

Jikoni maneno yetu ni machache, maana tumeyasema katika matoleo mengine. Mchicha upikwe muda mfupi, na karanga au nazi ili karotini ipate mafuta ya kuipokea. Ndimu, embe au chungwa pamoja na chakula husaidia mwili kuchukua chuma cha mboga. Chai pamoja na chakula huzuia. Mlenda wa magadi ni mtamu, tunaujua, lakini magadi huua vitamini C. Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa vizuri, kisiliwe kibichi. Na kiganja cha mtoto kikiwa cheupe, usingoje mbaazi ikomae: mlete kituoni apimwe malaria na damu.

Mama yule hakuacha kuuza mchicha. Ana matuta manne. Matatu ni ya mchicha wa wachuuzi, ambayo sasa anayapa zamu ya kunde kila baada ya misimu miwili, na moja, lililo karibu na mlango wa jiko, ni la mchanganyiko kwa ajili ya watoto. Alitupa taarifa hiyo mwenyewe, akaweka mche wa kunde juu ya meza ya kliniki. Tulipasua vinundu vitatu mbele ya akina mama waliokuwa kwenye foleni. Viwili vilikuwa vyekundu. Mtoto wake anaendelea na dawa ya madini ya chuma, na tutampima damu tena mwezi ujao.